Haraka ya kweli na haraka ya kupandikizwa: wapi uamue fasta, wapi utulie

Hapa Mwanza likitokea baya huwa kuna hukumu mbili tu zinazotembea mtaani. Mtu akitapeliwa kiwanja au hela yake ikaliwa na upatu wa mtandaoni, watu wanasema alikurupuka. Mgonjwa akifia njiani kwenda hospitali ya Bugando wanasema walichelewa. Na wanaosema ni walewale, kijiwe kilekile, pengine wiki hiyohiyo, sasa anayesikiliza anabaki njia panda maana asubuhi kaambiwa haraka haraka haina baraka, jioni anaambiwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako, zote za wazee na zote zina ukweli, ila hakuna anayemwambia hii ni ya lini na ile ni ya lini.

Kuna kitu kinaniuma kweli kwenye hili. Ukiwaangalia wanaolizwa na wanaoumia unaona tumegeuza mambo. Tunakimbia kwenye vitu ambavyo vingesubiri wiki nzima bila mtu kufa, halafu tunakaa vikao kwenye vitu visivyosubiri hata saa mbili. Baba aliyetoa milioni nne za kiwanja ndani ya siku moja kwa sababu dalali kamwambia kuna mteja mwingine, ndo huyohuyo mkewe akizidiwa usiku anasema ngoja kwanza nimpigie kaka. Hapo ndo ninapotaka tupafungue taratibu.

Tuanze na maana ili tusipishane. Nikisema kuamua haraka simaanishi kuamua bila akili, namaanisha unachukua hatua kwa kile unachokijua sasa hivi, huongezi maswali. Kuamua kwa kutulia ni pale unapokusanya taarifa zaidi, unauliza watu, unalinganisha, unalala unaamka, ndo unatoa neno. Njia zote mbili zina gharama, ukiwahi unaweza kukosea na ukitulia unaweza kuchelewa, kwa hiyo swali la kujiuliza ni gharama ipi kubwa kwenye jambo hili lililo mbele yangu, ya kukosea au ya kuchelewa?

Halafu haraka yenyewe ina aina mbili, na hizi ndo watu wanazichanganya kila siku. Haraka ya kweli inatoka kwenye jambo lenyewe: damu inatoka, maji yanaingia kwenye mtumbwi, samaki wanaanza kuharibika, siku ya mwisho ya kuomba chuo ni kesho. Hakuna wa kumbembeleza hapo. Haraka ya kupandikizwa inatoka kwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ana faida wewe ukiharakisha. Ukiweza kuzitofautisha hizi mbili umeshafanya nusu ya kazi.

Haraka ya kweli haipigi kelele

Ugumu unaanzia hapa, haraka ya kweli mara nyingi iko kimya. Chukua mtoto kang'atwa na mbwa huko Igoma. Kidonda kidogo, analia dakika kumi anarudi kucheza, nyumbani wanafunga kitambaa yanaisha. Hakuna kinachoonyesha dharura. Lakini kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, mgonjwa anaogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona, hata umpeleke hospitali ya nchi gani. Nafasi ipo kabla tu: kuosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu kwenda kuanza chanjo siku hiyohiyo. Uamuzi huo hauhitaji kikao wala kuuliza mbwa ni wa nani kwanza.

Mtoto mdogo mwenye homa ni hivyohivyo. Ukanda huu wa ziwa malaria ipo na kila mzazi ameizoea, na mazoea ndo yanatuponza, unasema atapoa kesho. Sasa kuna alama ambazo ukiziona hutakiwi kusubiri kesho hata kama ni saa nane usiku: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea hashtuki ukimwita, au amepata degedege. Wapo bado wanaoamini degedege ni mambo ya kienyeji na wanaanzia kwa mganga. Namwomba yeyote anayesoma hapa, kama una mama au bibi anayeamini hivyo, ongea naye kwa upole leo mtoto akiwa mzima, maana siku ya tukio hamtakuwa na muda wa kubishana.

Na mama aliyejifungua. Akivuja damu nyingi anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Saa mbili kwenye familia zetu nyingi watu bado wanatafutana kwenye simu, nani ana hela, mume yuko wapi, shangazi anasemaje. Wataalamu wa afya ya uzazi wanazungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ya kwanza ni kuamua. Barabara ya kutoka kijijini Buchosa huwezi kuitengeneza usiku ule, daktari wa pili huwezi kumleta, ila kutoka nyumbani ni juu yenu nyie mliopo hapo.

Kwa nini basi tunachelewa wakati tunawapenda watu wetu? Kiukweli mimi naona ni hofu ya hasara ndogo inayoonekana. Kumuamsha mtu wa taksi, kutoa elfu thelathini, kufika ukaambiwa mbona hana shida sana mrudisheni. Watu wanaogopa hiyo. Lakini kurudishwa nyumbani na mgonjwa mzima ni hasara ya elfu thelathini, na ile nyingine haina bei.

Ya kupandikizwa ndo ina kelele

Sasa geukia upande wa pili. Dalali wa Buhongwa au Kisesa anakupigia, "Bosi, kuna mtu wa Dar anakuja kesho na keshi mkononi, mimi nakuwahishia wewe tu kwa sababu nakujali." Labda kweli yupo. Jiulize tu, huyo mtu wa Dar akija akanunua, wewe umepoteza nini? Umepoteza kiwanja kimoja, na mji huu unapanuka kila upande, viwanja vingine vipo. Na wewe ukinunua leo bila kuuliza, halafu ikaja kujulikana kimeuzwa kwa watu watatu, au kimo ndani ya hifadhi ya barabara, au ni cha urithi na ndugu hawajakubaliana, umepoteza akiba ya miaka na utazunguka na kesi mpaka uote mvi. Hasara hizo mbili hazilingani hata kidogo. Kazi ya anayekuharakisha ni kukuonyesha ile ndogo kama ndo kubwa.

Siku tatu nne zinatosha kabisa kufanya ya msingi. Unaenda ofisi ya serikali ya mtaa, unaongea na majirani wa mipaka muuzaji akiwa hayupo, kama kiwanja kimepimwa unapeleka namba yake ofisi ya ardhi wakuangalizie kumbukumbu zinasoma jina la nani, na unamuona mwenza wa muuzaji kwa macho yako. Hili la mwisho watu wanalipuuza sana wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi nyumba ya wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji halali siku nne hazimuui. Akianza kukasirika kwa sababu tu umesema unapita ofisi ya ardhi, hiyo nayo ni taarifa, na umeipata bure.

Upatu nao unafanana na hapo. Wakubwa mtakumbuka DECI, watu walikuwa "wanapanda mbegu" wavune zaidi, Serikali ikaifunga 2009 na wengi hela yao haikurudi. Mwanzoni mwa 2025 ikaja LBL, upatu wa mtandaoni, na watu wakalia tena. Kinachofanya haraka iwe muhimu kwenye michezo hii ni kwamba haizalishi kitu, anayelipwa leo analipwa kwa hela ya aliyeingia jana, kwa hiyo bila watu wapya kuingia mbio mbio inasimama. Neno "wahi" pale sio tangazo la kuvutia wateja tu, ni kitu inachokula ili iishi. Biashara ya kweli, ya duka, ya dagaa, ya mashine ya kusaga, mwezi ujao bado itakuwepo na hesabu zake utaziona.

Na zile meseji. Mama, mwanao kapata ajali yuko hospitali tuma hela kwa namba hii haraka. Hii ni mbaya zaidi maana wanavaa sura ya haraka ya kweli, wanajua mzazi hawezi kutulia akisikia neno ajali. Dawa yake haihitaji akili nyingi, kata simu, halafu wewe mwenyewe piga namba unayoijua ya mwanao au ya aliye karibu naye. Dakika mbili hizo kama ajali ni ya kweli hazibadilishi kitu, na kama ni tapeli zinaokoa kila kitu. Namba ya tapeli itume 15040 ifungiwe.

Mikopo ya kwenye simu imekaa katikati ya haya mawili na ndo maana inaumiza. Mtu anakuwa na haraka ya kweli, ada au mgonjwa, na hapohapo anakutana na programu inayotoa hela ndani ya dakika tano bila kumuuliza kitu, anabonyeza kubali bila kusoma riba wala kusoma kwamba ameruhusu majina yote ya kwenye simu yake yachukuliwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Haja yako inaweza kuwa ya dakika hii, ila deni la kausha damu, lile la riba ya kunyonya, litakaa na wewe miezi, kwa hiyo hivyo ni vitu viwili na vinatakiwa viamuliwe mara mbili. Mgonjwa apelekwe sasa, hela itafutwe kwa watu kwanza.

Inarudi au hairudi?

Baada ya kujua haraka imetoka wapi, swali linalofuata ni kama uamuzi wenyewe ukikosea unarekebishika. Fikiria chumvi kwenye mboga. Ukiweka kidogo unaonja, unaongeza. Ukizidisha ndo basi tena, unaweza kuhangaika na maji na viazi lakini mboga haitarudi ilivyokuwa. Anayejua kupika hatumii muda mrefu kufikiria chumvi, anachofanya ni kuanza na upande unaorekebishika. Mambo mengi ya maisha yanaweza kuanzwa hivyo na tunasahau. Unataka kuhamia Usagara? Panga kwanza miezi sita, uone maji yanatoka lini na daladala za asubuhi zikoje, ndo ufikirie kununua. Unataka kuingia biashara ya dagaa? Nunua magunia machache, usafirishe mara moja, ujue hasara ya njiani ni kiasi gani, kabla hujauza shamba la baba. Hapo unaruhusiwa kuamua haraka kabisa, kwa sababu hatua ni ndogo na inarudi.

Lakini kuna maamuzi ambayo hayarudi kabisa, na sisi watu wa ziwa tunaishi na mfano wake kila siku kwenye sahani. Sangara hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, upande wa Uganda na Kenya, kwa wazo kwamba ziwa limejaa samaki wadogo wenye miba wasio na bei, na samaki mkubwa atawageuza kuwa nyama ya kuuza. Wapo wataalamu waliopinga, wakataka jambo lichunguzwe zaidi, ila mjadala haujaisha samaki tayari yuko majini. Miaka ya mwanzo hakuonekana sana. Ilipofika miaka ya 1980 akalipuka ziwa zima, na furu, wale wadogo waliokuwa mamia ya aina na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, aina nyingi zikapotea kabisa. Kwa upande mwingine vikaja viwanda vya minofu hapa Mwanza, ajira, hela za kigeni, familia zimesomesha watoto kwa sangara. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya wote au mzuri wote. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekuwa anakufa siku ile ndoo inamwagwa, wangeweza kusubiri miaka mitano waelewe zaidi, na leo hata nchi zote tatu zikikubaliana kwamba haikufaa, huyo samaki hatoki. Jambo lisilorudi na lisilo na haraka ya kweli ndo mahali pekee ambapo kutulia sana hakuna mtu wa kukulaumu.

Hisia za ndani uziamini lini

Watu wananiuliza hili sana, maana kuna wanaosema fuata moyo wako na wengine wanasema moyo unadanganya. Wapo wataalamu wawili waliobishana miaka kuhusu hilo. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi mawazo ya haraka yanavyotupotosha. Gary Klein yeye alikaa na askari wa zimamoto Marekani akaona makamanda wazoefu wanaamua ndani ya sekunde chache na wanapatia. Mwisho wakakaa pamoja, mwaka 2009 wakatoa walichokubaliana: hisia za mtu zinaaminika endapo mambo anayoyafanya yana utaratibu unaojirudia, na endapo amepata muda wa kutosha kujifunza huku akipewa majibu ya wazi na ya haraka kila anapokosea.

Nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, asubuhi utaona hiki kitu kinavyofanya kazi. Mama mchuuzi anafunua shavu la sato, anaangalia jicho, anabonyeza tumbo, ameshasema bei na ameshahamia kwa mwingine, wewe bado hujashusha kikapu. Hajakurupuka yule. Kila siku kwa miaka samaki wamemjibu, akinunua mbovu jioni ileile wateja wanamrudishia, hilo somo huwezi kulikwepa. Mvuvi mzee akitazama wingu upande wa kisiwa akasema leo tusiende, msikilize hata kama hawezi kukueleza kwa nini.

Sasa chukua mama huyohuyo mpeleke kununua kiwanja. Hana hisia za kiwanja, atanunua mara moja au mbili maishani, na kosa lake atalijua baada ya miaka. Ile nguvu ya kujiamini aliyonayo mwaloni inaweza kumponza huku, kwa sababu kujiamini ni kulekule ila ujuzi haupo. Kijana anayeweka mkeka wa kubeti na kusema naisikia hii timu inashinda, pale nako hakuna utaratibu wa kujifunzia, anakumbuka siku aliyopatia na zile nyingine zinafutika. Kwa hiyo kabla hujaufuata moyo muulize mwenye moyo: hili jambo nimelifanya mara ngapi, na nilipokosea nilijuaje?

Vitu vidogo visikule

Kuna uongo mmoja unaopendwa, kwamba mtu makini ni yule anayefikiria muda mrefu kila kitu. Hapana. Herbert Simon, naye alipata Nobel ya uchumi, 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala kichwa cha kupima kila chaguo, kwa hiyo busara ni kuweka kiwango cha kinachotosha na ukikipata unachukua. Simu ya laki mbili na nusu, rangi ya mapazia, sare ya kitenge cha kikundi, hivi vinakula wiki nzima za watu na vikao viwili, na wangechukua chochote kinachofikia kiwango maisha yangeenda vilevile. Kuna kipimo kimoja nakipenda: jiulize ni taarifa gani ukiipata kesho itakubadilisha msimamo. Kama ipo, itafute hiyo tu. Kama haipo, basi unajizungusha, amua.

Na kuna vitu vya katikati, sio vidogo sana, ila havisubiri, kama chumba cha kupanga. Ukikiacha chumba Nyegezi karibu na chuo ukasema nitarudi jioni, jioni kina mtu. Wanahesabu walishalipiga hesabu hili la kuchagua vitu vinavyokuja kimoja kimoja na ukikiacha hakirudi. Ukijua utaonyeshwa vyumba kumi, vile vitatu vya kwanza usichukue, viangalie tu ujue soko limekaaje, halafu kuanzia cha nne chukua cha kwanza kitakachokuwa bora kuliko vyote ulivyoviona. Kwa njia hiyo uwezekano wa kupata kile bora kabisa ni kama 40 katika 100, na hakuna njia nyingine inayozidi hapo kama huna taarifa zaidi. Inafundisha kitu, kwamba kutulia kuna sehemu yake na kuna mahali inabidi kukome.

Pale vyote viwili vinapokutana

Kumebaki kule kugumu kuliko kote, haraka ni ya kweli na uamuzi haurudi. Mwanza tunakujua vizuri kuliko tungependa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka ikiwa imebaki kidogo ifike Mwanza. Kwa muda ilielea imegeuka, watu wakiwa ndani, hewa iliyonaswa imeishikilia juu. Waokoaji wakatoboa bodi ili wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama. Mamia walikufa, wengi wamelala makaburi ya Igoma. Nawaheshimu waliokuwa pale, walikuwa wanajaribu kuokoa na kila dakika ilikuwa mtu. Somo lake linatakiwa kuangukia sisi tuliobaki, kwamba uamuzi wa aina ile hauwezi kuanza kufikiriwa juu ya maji. Swali la meli ikigeuka tunatoboa au hatutoboi, wapi, na vifaa gani, lilitakiwa liwe limeshajibiwa bandarini siku ya jua na utulivu.

Ukilielewa hilo unaelewa pia ile namba ya watu wanaoruhusiwa kupanda iliyoandikwa kwenye kila kivuko. Watu wanaiona kama urasimu. Namba ile ni uamuzi uliofanywa na watu waliokaa na hesabu za uzito bila mtu kuwapigia kelele, ili siku ya gulio, abiria wanasukumana, kila mmoja ana sababu yake na mizigo yake, mtu wa getini asianze kuamua upya. Kivuko cha MV Nyerere uwezo wake ulikuwa watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 ilipopinduka karibu na Ukara ikitokea Bugolora walikufa zaidi ya watu 220. Mambo yaliyoamuliwa kwa utulivu yalivunjwa kwa haraka ya kupandikizwa, haraka ya kutaka kufika nyumbani.

Na ukitaka kuona upande mzuri, angalia Bukoba, 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotua majini karibu na uwanja. Waliofika wa kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, hawakusubiri kuitwa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 24 walitoka hai. Wavuvi wale hawakuwa na mafunzo ya ndege, ila maji waliyajua, kupiga kasia kuelekea mtu anayezama walishaamua zamani, pengine tangu wakiwa watoto, hapakuwa na cha kujadili.

Kwa hiyo njia ya kuwa na haraka nzuri ni kutulia mapema. Nyumbani hii inawezekana kabisa na haigharimu. Kwenye ujauzito wahudumu wa kliniki wanasisitiza mpango wa kujifungua, na mpango huo kiini chake ni maamuzi yaliyofanywa kabla: tutaenda kituo gani, nani ataongozana na mama, hela iko wapi na nani anaijua namba ya siri, nani atatoa damu ikihitajika, watoto wengine watabaki na nani. Kwenye familia za wavuvi liongezeni moja. Baba akiwa dago, kambini kwa wavuvi, Ukara huko au Kome, mtandao haupo, nani anaruhusiwa kusema twende? Nimesikia akina mama wakisema "nilikuwa namsubiri baba watoto aseme", na baba mwenyewe angeulizwa angesema nendeni haraka, ila hakuwahi kulisema kabla hajaondoka. Liseme. Mwambie mkeo mbele ya mama mkwe na majirani, mimi nisipopatikana wewe ndo mwenye neno, na mama akinyanyuka kwenda hospitali hakuna wa kumzuia.

Vilevile mkubaliane kwenye familia kwamba hakuna anayetuma hela kwa ujumbe wa maandishi bila kusikia sauti ya mtu anayemjua, na hakuna mali inayozidi kiasi fulani inayonunuliwa siku ileile ilipoonyeshwa, kiasi mpange wenyewe kulingana na uwezo wenu. Ukishakuwa na makubaliano hayo hata kumkatalia dalali kunakuwa rahisi, unamwambia kwetu tuna utaratibu, basi, hugombani naye.

Na usafiri wa dharura wa m-mama, uliowahi kujaribiwa kwetu huku Sengerema na Shinyanga kabla ya kwenda nchi nzima, unabeba wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakizidiwa. Namba ni 115, haikatwi salio. Iandikeni ukutani karibu na mlango, kwa maandishi makubwa, na mtoto mkubwa wa nyumba aijue kwa kichwa.